Sahani Pacha

Mke wangu alinipekua mifuko mbele ya wateja. Mimi, fundi cherehani mwenye mvi zangu, nikasimama mikono juu na tepu shingoni, huku yeye akitafuta makombo ya soseji.

"Damu haisemi uongo," alinifokea. "Unakula kwa siri!"

Figo zangu zimechoka, sibishi. Tangu daktari aseme madini ya fosforasi yamezidi mwilini na mifupa itaharibika, mke wangu amekuwa mpishi, mlinzi na hakimu. Maharage marufuku, jibini marufuku, soda ndiyo usiseme. Nami nilitii, haki ya Mungu. Lakini kila kipimo cha damu kilirudi kibaya, na kila mara alinitazama kama mwizi. Hilo liliniuma kuliko figo.

Nikampeleka kliniki mwenyewe. "Dada," nilimwambia mtaalamu wa lishe, "nipime mpaka ukweli utoke. Siogopi."

Akapiga hesabu kwa jedwali lake linaloonyesha fosforasi ya kila chakula. Fosforasi ya vile nilivyosema nimekula ilikuwa ndogo mno kwa damu ile. Mke wangu akatabasamu.

"Ama mzee anadanganya, ama jedwali," alisema dada, akatukabidhi ndoo yenye mfuniko. Kwa siku tatu, kila nitakachokula, kingine cha aina ileile na uzito uleule kiingie humo, kisha kipimwe maabara.

Basi ndoo ikawa mke mwenza. Nikipewa kipande cha kuku, nayo inapewa. Mke wangu alinifuata hadi kazini, nikashona huku nalindwa utadhani benki. Mimi napiga mluzi tu. Asiye na hatia ana wasiwasi gani?

Majibu yakatoka. Ndoo ilikuwa na fosforasi karibu maradufu ya ile ya hesabu ya jedwali. Dada akauliza tunanunua kuku gani.

"Wa kugandishwa, minofu mitupu," mke wangu alijibu kwa fahari. "Namchagulia kilicho bora."

Dada akaeleza taratibu kwamba kuku wengine hudungwa kiwandani maji ya chumvi zenye fosforasi, nyama ibaki laini. Jedwali lilihesabu kuku tu, si yale maji.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya ushindi, tena makali. Nilipomtazama yakaniishia.

"Nilikuambia, mama watoto," nikasema polepole.

"Uliniambia." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikaiamini nyama ya kiwandani kuliko mume wangu."