Mpira wa Kunyonya Vumbi

Haya alinieleza Loice mwenyewe, siku alipokuja kuniomba mbegu ya wimbi na mvua ikamzuia kuondoka. Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana. Lakini mambo yenyewe yalikuwa ya zamani, miaka kama kumi kabla ya bendera.

Loice alikuwa akifagia kwenye kinu cha unga mjini Kisii. Magunia ya mahindi yalitoka Ogembo, mengine Kebirigo, injini ya dizeli ikinguruma tangu asubuhi, na vumbi la unga likasimama hewani kama ukungu wa bondeni. Aliyefagia kabla yake, Orpah, alikohoa mwaka mzima akazikwa. Loice naye alikuwa ameanza. Asubuhi hiyo alikohoa mpaka akauegemea ufagio.

Kwenye pembe ilikaa mashine ya kunyonya vumbi, iliyozungushwa kwa mkanda wa injini hiyo hiyo ya kinu. Serikali ilimlazimisha tajiri aliyekuwa na kinu ainunue baada ya kifo cha Orpah. Ilifanya kazi majuma machache, kisha waya ulio ndani ya mpira wake, lile bomba la kunyonyea, ukakatika, mpira ukawa ukijibana kila ukinyonya. Tajiri akaona heri, dizeli yake haitapotea. Unga ukaifunika mashine ikawa nyeupe.

Sasa akaingia nyapara, Onsongo, na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Mkaguzi wa kazi yuko mjini," alisema. "Atakuja hapa akitoka hospitali. Mashine hii aikute inanyonya. La sivyo nyinyi wawili mrudi kwenu mkapalilie migomba."

Wawili hao ni Loice na Nyangau, fundi wa kinu. Na Nyangau alikuwa baba mzazi wa mume wa Loice. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe wana heshima kati yao, tunaiita chinsoni. Hawashikani mikono, hawagusani, hawakai bega kwa bega. Hata kinuni magunia yalikuwa katikati yao siku zote, na neno likipita, lilipita juu ya magunia.

Nyangau alikata bati la debe la mafuta ya taa, akalikunja likawa kama mkono wa shati. Hilo lilitakiwa liingie ndani ya mpira pale penye waya uliokatika, kisha nje pazungushwe mpira wa ndani wa baiskeli, pafungwe waya kwa nguvu. Aliubana mpira kwa magoti, akafunga. Bati likaruka likamkata kidole. Akarudia. Likaruka tena.

"Baba," Loice alisema kutoka ng'ambo ya magunia, akiangalia chini, "niuvute kwa kamba?"

"Vuta, mama."

Akavuta. Mpira ukanyooka, lakini bati likateleza likaenda ndani kabisa, wakalitoa kwa fimbo.

"Mnacheza ngoma gani?" Onsongo alikuwa mlangoni akitazama barabara. "Gari lake nimeliona kwa posta."

"Onsongo, ndugu yangu," Nyangau alisema, "shika hapa wewe. Kitambo kidogo tu. Wewe ni wa kwetu, unajua jambo lenyewe."

"Nishike na shati hili? Mgeni anipokee nimejaa unga kama panya? Huyo hapo ana mikono miwili."

Nyangau aliuinamia mpira tena. Loice aliniambia alimsikia akipumua, na kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi kama chake yeye. Akafikiri, mashine hii ikinguruma kila siku, sote wawili tutapumua. Akayazunguka magunia.

"Mama, usije," mzee alisema.

"Baba, nimekuja."

Akaingiza mkono mmoja ndani ya mpira, akalishika bati, na wa pili akaubana mpira kwa nje. Nyangau akazungusha waya kwa nje. Vidole vyake vikapita juu ya mkono wa mke wa mwanawe, vikarudi, vikapita tena, na damu ya kidole kilichokatwa na bati ikampaka Loice mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Onsongo alicheka kidogo mlangoni, kisha akaacha.

Wakavuta mkanda wa injini. Mashine ikakohoa, ikashika. Nyangau alichukua konzi ya unga akaupeperusha kandokando ya kiraka, aone kama kuna tundu linaloufyonza. Unga ulianguka chini. Hakuna tundu. Na ule ukungu ukaanza kuondoka. Loice aliona dirisha la upande wa pili, akashangaa kuwa lina kioo.

Mkaguzi akaingia, Mzungu mrefu mwenye kaptura. Akaweka kiganja mdomoni mwa mpira, kikanyonywa, akatabasamu.

"Hii nafanya kazi kila siku?"

"Kila siku, bwana," Onsongo alisema.

"Leo tu," alisema Loice.

Onsongo alimkodolea macho. Mkaguzi akamtazama mwanamke, akautazama mkono wenye damu na unga, akatazama saa yake.

"Mimi naona mashine nakwenda," alisema. "Mimi naandika ile naona."

Gari halijapinda kona, Onsongo alitoa mkanda.

"Dizeli si maji ya Mungu," alisema. "Na wewe, mdomo wako huo, shukuru tajiri hakuwapo. Fagia."

Akafagia mpaka dirisha likapotea.

Jioni, nyumbani, Loice akiwa nje anasugua sufuria, alimsikia mama mkwe wake, Nyamoita, akimwandalia mzee chakula, na mzee akikisukuma.

"Leo nimemshika mke wa mwanangu mkono," Nyangau alisema. "Si mara moja. Ni kwa ajili ya ile mashine."

Nyamoita alikiweka chakula kando.

"Na mashine inafanya kazi?"

"Wameizima."

Nyamoita alifunika moto majivu, wakalala. Loice aliingia nyumbani kwake, akajilaza kwa upande, kwa maana chali alikuwa hawezi tena, akakohoa, akanyamaza, akakohoa, mpaka naye akalala.