Nakala Iliyoshuka Tambarare

Miaka thelathini na miwili nimefundisha shule za Mamba, huku juu milimani Upare, watoto wa watoto wa niliowafundisha wananiamkia barabarani, lakini mume wangu Sifael hajawahi kukubali kuwa mwanafunzi.

Siku tuliyogombana, mezani palikuwa na kompyuta yetu na diski ya nje aliyoinunua mjini Same. Humo mlikuwa na sauti ya mama yake, Bibi Ernesta, aliyefariki mwaka juzi: hadithi arobaini na moja za Chasu, lugha yetu Wapare, nilizozirekodi mwenyewe jikoni kwake. Hazikuwa mahali pengine popote.

"Nimeichomeka," akasema. "Inanakili yenyewe kila siku. Umeridhika, Mama Agape?"

"Sijaridhika. Zote mbili ziko meza moja, umeme mmoja. Mwizi akija ataacha moja? Radi je?"

"Basi weka kwenye mtandao."

Mtandao wa huku kwetu unapanda mlima kwa miguu. Nilijaribu hadithi moja tu. Ilimaliza asubuhi nzima na bando lote, na haikufika.

"Mbegu ya maharage mama yako aliweka wapi?" nikamuuliza.

Jibu alilijua. Bibi Ernesta alilima mlimani na tambarare, na kila msimu kibuyu kimoja cha mbegu kilibaki darini, kingine kilishuka kwa ndugu. Tena hakuamini mbegu kwa kuitazama. Alichukua punje chache akaziotesha kwanza. Mimi sikubuni chochote, nilimwiga mkwe wangu.

Nikanunua diski ya pili, nikanakili hadithi zote, nikaipeleka tambarare, mjini Same, kwa Beatha, dada yake Sifael, aiweke kwenye kopo la majani ya chai. Kila mwanzo wa mwezi nilishuka na ile ya nyumbani, nikarudi na iliyokuwa kwake. Wala sikuiacha kabla ya kuifungua kwenye kompyuta ya Beatha na kusikiliza hadithi moja mwanzo hadi mwisho. Sifael alicheka sana. Aliiita hija ya Mwalimu.

Aprili, saa tisa alasiri, radi ilipiga nguzo ya umeme karibu na kwetu. Kompyuta ikafa, na diski iliyochomekwa ikafa nayo. Fundi alizifungua zote mbili, akatikisa kichwa.

"Nimempoteza mama mara ya pili," Sifael akasema, akalia waziwazi. Nilikuwa nimeliandaa neno la kumsuta tangu mwaka jana. Sikulisema.

"Vaa koti," nikamwambia. "Twende kwa Beatha."

Tukashuka Same. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nimeisikiliza tarehe mbili ya mwezi uleule.

Beatha akafungua kopo. Nikachomeka, nikachagua hadithi ya kumi na tisa, na Bibi Ernesta akaanza kusimulia, na kikohozi chake kilekile. Katikati akakatiza, kama alivyokatiza siku ile jikoni, akaita kwa Chasu: Sifael, funga mlango, mvua inaingia.

Sifael ana miaka sitini na minne. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni kwa Beatha, akakuta umefungwa. Akausukuma hata hivyo, kuhakikisha.