Kasinzia Hasinzii

Kwa fundi cherehani hukosi kiti, na umbea hauna foleni. Bintiye tulimwita Kasinzia, maana mashine ikianza kulia tu, hulaza shavu mezani akafumba macho. Ukimwita, hageuki.

Alizaliwa na sikio la kulia dogo kama korosho, halina tundu. La kushoto zuri, la kuvalia hereni. Basi sote tulimpigia kelele kushotoni. Mama mtu naye, kila kitambaa kikibaki anashona kofia, mtoto asichekwe.

"Wifi, huyu ni jeuri tu," shangazi mtu akasema, anakata uzi kwa meno. "Sikio la kufa halisikii dawa. Shule unayotaka kumpeleka ya nini? Utajitia aibu bure."

Kesho yake fundi alifunga duka, akaniomba nimsindikize hospitali. Mimi tena! Nilishavaa viatu kabla hajamaliza kusema.

Daktari alipima kwanza lile sikio zuri. Akarudia.

"Hili kwa ndani halikuumbika," akasema. "Halisikii kabisa."

Fundi akashika ukingo wa kiti. Miaka yote anapayuka kwenye nyumba isiyo na mtu!

Daktari akatoa kidude chenye mkanda, akakibana kwenye mfupa nyuma ya ile korosho. "Huku kilichokosekana ni mlango. Ndani hakuna kasoro. Sauti itapitia mfupani. Haya mama, sema naye."

Fundi akatoa alichokuwa nacho, mlio wa cherehani: "Drrrr."

Mtoto akageuka. Akamtazama mamaye mdomoni, akacheka, akajibu, "Drrrr."

"Kumbe pale mezani alikuwa hasinzii," nikasema. "Alikuwa anasikiliza mashine kwa shavu." Nikatafuta leso, sikuiona.

Tuliporudi na kidude chetu, fundi alichukua kofia nzuri kuliko zote, akaipitisha mkasi, akashona mkanda laini wa kukishikilia. Sikio likabaki nje, wazi.

"Wifi, umeharibu kofia!"

"Nimeipa kazi. Na shule anaanza."

Shangazi akaguna, kisha akainama kushoto kwa mtoto, kwa mazoea, akavuta pumzi ya kupayuka. Fundi akamshika mabega, akamzungusha hadi kulia.

"Huku, wifi. Na polepole, mwenyewe yumo."