Upande wa Mizani

Kila alipoona mkono umeinuliwa kando ya barabara, mume wa Mama Makochi alikanyaga breki. Hakujali pikapu imebeba nini nyuma, mageti, fremu za madirisha au kochi la mteja lililofungwa kamba; hakujali mvua wala haraka. Mkono ukiinuka, gari linasimama. Na mkono ukiwa wa msichana, mkewe alijua wajibu wake: anasogea katikati, magoti yanabanwa na gia, mgeni anakaa dirishani apate hewa.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" mumewe angeuliza. "Nyumbani wanajua kwamba uko njiani?"

Sauti hiyo ndiyo iliyomchoma. Ilikuwa laini, imejaa subira, sauti ambayo yeye, mke wa ndoa na mama wa binti yao, hakuisikia hata alipolazwa hospitali kwa upasuaji. Wasichana wale walishukia walikoshukia, wakashukuru, wakasahau. Lakini machoni pake wote walikuwa yule yule mmoja, na yeye ndiye aliyempisha kiti.

Jina hilo la Mama Makochi alipewa mtaani. Kazi aliirithi kwa baba yake: kuchana makochi yaliyochoka hadi yabaki mbao, kubadilisha sponji na springi, kuyavisha kitambaa kipya na kukivuta mpaka kisibaki kunyanzi. Alipokuwa kazini alibana misumari midogo baina ya midomo, na msumari ukiwa mdomoni hakuna anayeweza kukulazimisha uzungumze. Siku nyingine aliibana misumari hiyo bila ya kuwa na kochi la kupigilia.

Yule msichana mmoja aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa mchumba wa mumewe zamani, wakati mumewe akiwa kijana anayechomelea vyuma kwenye ujenzi wa kiwanda upande wa magharibi. Walikubaliana kwamba Jumamosi moja kijana atakopa pikipiki, amfuate kwao kwenye mji wa njia panda, ampeleke akaone chumba alichowapangia. Jumamosi ilipofika msimamizi aliwashikilia kazini mpaka jua likazama. Kijana hakwenda. Siku chache baadaye Chiriku alikutwa amenyongwa kwenye machimbo ya kokoto, nyuma ya ile njia panda. Watu wa kituo cha mafuta walisema asubuhi ya Jumamosi ile walimwona na begi, anatafuta lifti. Basi ikaeleweka hivyo na mji mzima: binti hakuweza kungoja, akaamua kumfuata mchumba wake mwenyewe, akapanda gari la shetani. Polisi walikamata watu, na kijana mwenyewe walimlaza ndani siku kadhaa, wakawaachia wote. Muuaji hakupatikana.

Mama Makochi aliolewa akiyajua yote haya, na mwanzoni aliona huruma. Huruma ikachacha polepole. Angeshindanaje na mtu asiyezeeka? Chiriku hakunenepa, hakukoroma, hakuunguza sufuria wala hakununa siku mbili kwa jambo dogo. Mumewe akisikia kichekesho redioni angetabasamu na kusema, "Chiriku angecheka hapa mpaka aanguke," kisha angenyamaza, na ukimya huo ungekaa mezani mpaka vyombo vioshwe. Mtoto wao alipozaliwa mumewe alipendekeza jina la marehemu. Mama Makochi, angali kitandani, alimgeuzia mgongo, na hilo halikuzungumzwa tena. Alimwonea wivu mfu, akauonea haya wivu wake, na haya ile ikauongezea wivu makali.

Mpelelezi alikuja Jumatatu, mumewe akiwa kwenye karakana yake. Alikuwa mwanamke kijana, amevaa raba na shati lililopigwa pasi vizuri. Alitafuta pa kukaa, akaishia kwenye kigoda, kwani makochi yote pale yalikuwa mifupa.

"Mama, tumefungua upya kesi ya yule binti wa njia panda," alisema. "Nilitaka kuonana na mzee, lakini pengine ni heri nimekukuta wewe kwanza."

"Kuna mtu amekamatwa?"

"Hapana. Ila tumegundua kosa." Alivuta kigoda karibu. "Pale njia panda, wanaokwenda magharibi wanasubiri lifti penye kituo cha mafuta. Wanaokwenda mashariki wanavuka barabara, wanasubiri upande wa pili, kwenye mizani ya malori. Siku zile wenzetu waliwahoji watu wa kituo cha mafuta tu, kwa kuwa kila mtu alijua binti anakwenda kwa mchumba wake. Mizani hawakuuliza. Mimi nimekwenda kuuliza. Yuko mama anauza mayai ya kuchemsha pale tangu enzi hizo. Anamkumbuka."

Mama Makochi alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja.

"Anasema binti alivuka barabara akasimama naye muda mrefu, wanapiga soga. Alikuwa ameitwa kwenye kituo cha redio akajaribiwe sauti. Alimwambia hivi: kuna mtu anakuja kunichukua, na akinikuta nitamwonea huruma, sitaondoka tena. Kwa hiyo naondoka kabla hajafika."

Nje, mtu alikuwa anaita wanunuzi wa mkaa. Mama Makochi alisikia kila silabi.

"Mume wangu hajui hili."

"Najua. Kwenye maelezo yake ya zamani amerudia mara nyingi: alikuwa anakuja kwangu." Mpelelezi alisimama, akajikung'uta pamba za sponji. "Lazima nimhoji, kwa sababu kuna kitu anaweza kutusaidia. Nitarudi Alhamisi. Uamuzi ni wako, mama. Asikie kwako, au asikie kwangu."

Alipobaki peke yake, Mama Makochi aliketi juu ya fremu tupu ya kochi na kucheka. Kicheko kilimtoka bila ya kuombwa, kikali, kikamtisha mwenyewe. Alimkimbia! Huyo aliyelainishiwa sauti miaka yote hii, huyo aliyepishwa kiti, alifunga begi lake na kuondoka kabla mwanamume hajafika. Mimi sikukimbia, alijiambia. Mimi nilikaa.

Jumatatu ile na Jumanne yake alitembea na siri hiyo kama pipi iliyofichwa shavuni, akiinyonya kidogo kidogo ili isiishe. Alimtazama mumewe akinawa masizi mikononi na kuwaza: nikifungua kinywa sasa hivi, Chiriku anakufa mara ya pili, na safari hii hatafufuka. Alifanya mazoezi ya maneno yenyewe mbele ya sinki. Akayapunguza ukali, akayaongeza tena. Lililomkera ni kwamba maneno hayo hayo yangekuwa dawa. Mumewe aliamini kwamba Chiriku alikufa kwa sababu yeye hakwenda kumchukua. Kumbe hata angekwenda angekuta mlango umefungwa. Kumwambia kungemvunja moyo na kumtua mzigo kwa pigo moja, na Mama Makochi hakuweza kutenganisha mkono upi ungempiga na upi ungemtua.

Jumatano binti yao alikuja kutoka chuoni kuchukua viatu. Aliingia akiongea, akaongea huku akila, akaongea kutoka bafuni maji yakimwagika: mara mhadhiri wao ana mwendo wa bata, mara rafiki yake kapata mafunzo ya kazi mji wa mbali na yeye anataka kumfuata.

"Umeshamwambia yule kijana wako?" mama yake aliuliza.

"Ee, mama! Nikimwambia ataniharibia. Ataanza kuhuzunika, na mimi moyo wangu mwepesi. Nitamwambia nikishafika."

Alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu, shingo yake nyembamba iko wazi, ushanga wa mkufu umejipinda nyuma. Mama Makochi aliitazama ile shingo. Chiriku alikuwa mdogo kuliko huyu. Wazo hilo halikuwahi kumjia hata mara moja. Miaka yote alimwona mwanamke aliyesimama mlangoni mwa ndoa yake, mwenye maringo, anayejua anapendwa. Hakuwahi kumwona mtoto mwenye begi na moyo mwepesi, anayeogopa kumwonea mtu huruma. Na mtoto huyo mtu alimkaba shingo mpaka akanyamaza.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?"

"Utakwenda kwa basi," alisema. "Nauli nitatoa mimi. Lifti ya mtu usipande, umenisikia?"

"Shikamoo, mama," binti alitania, akambusu shavuni na kutoka mbio.

Alhamisi asubuhi, kabla mpelelezi hajafika, alimkalisha mumewe na kumwambia. Hakutumia hata neno moja katika yale aliyoyafanyia mazoezi. Alieleza kama alivyoelezwa: mizani, mama muuza mayai, redio, na yale maneno. Asingeweza kuapa kwamba hakufurahi hata chembe alipofika kwenye "naondoka kabla hajafika". Alifurahi. Kisha akauona uso wa mumewe, furaha ikamkauka.

Kwanza mwanamume alionekana kama mtu aliyeshushwa gunia begani asijue mikono aiweke wapi. Kisha uso ukaanza kukaza.

"Kwa hiyo alinikimbia."

"Alikuwa anakwenda zake."

"Nilimlilia kama mke!" Alisimama, kikombe kikaanguka. "Nimejiita muuaji maisha yangu yote. Mama yake sikuweza kumtazama usoni. Kumbe alikuwa ananicheka na wauza mayai huko barabarani. Mwongo mkubwa yule. Mdomo wote ule, na hilo moja likamshinda kuniambia?"

Haya ndiyo aliyotamani kuyasikia tangu siku ya harusi yake. Alikuwa ameyatamani kiasi kwamba angeweza kuyaimba. Sasa yalisemwa jikoni kwake, kwa sauti kubwa, na kila neno lilimuudhi.

"Usimwite hivyo," alisema.

"Nini?"

"Nimesema usimwite hivyo. Alikuwa mtoto. Ameitwa akajaribiwe sauti, akaogopa utamzuia, akaenda. Kosa lake liko wapi? Alikuwa na haki ya kwenda anakotaka na kufika salama." Alimnyooshea mumewe kidole. "Wewe umejiuliza maisha yako yote kwa nini hukwenda kumchukua. Mimi nimejiuliza kwa nini hutoki kwake. Katika nyumba hii nani amewahi kuuliza aliyemuua ni nani?"

 Mumewe aliinama kuokota vipande vya kikombe, taratibu, akiviweka kiganjani. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, lakini hasira imemwisha.

"Sikuuliza," alisema. "Wallahi sikuuliza."

Mpelelezi alipokuja alimkuta amejiandaa. Swali lake lilikuwa moja. Muuza mayai aliona gari dogo la rangi ya maziwa likisimama, na kabla ya kupanda, binti alimsalimu dereva kwa furaha: "Shikamoo, mwalimu!" Ni nani ambaye Chiriku alikuwa akimwita mwalimu?

 Wako wawili, mumewe alisema. Mmoja alimfundisha darasani. Huyo hakuwa na gari. Wa pili alikuwa anafundisha watu udereva, na Chiriku alikwenda kwake wiki chache kujifunza. Alikuja mazishini. Alisaidia kubeba jeneza, wakiwa bega kwa bega. Mumewe alipofika hapo alijitazama bega la kulia, akaendelea.

Mpelelezi aliwapigia simu baada ya majuma kadhaa. Yule mwalimu wa udereva alihama mji mwaka ule ule. Nyumba aliyopanga imebomolewa, na hakuna anayejua kama yu hai. Wanaendelea kumtafuta. Hakutaka kuwapa matumaini ya uongo. Mama Makochi alishukuru, akakata simu, akamwambia mumewe awashe gari.

"Twende wapi?"

"Mizani."

Njiani hawakuzungumza sana. Walipofika, malori yalikuwa yamejipanga yakingoja kupimwa, madereva wamelala chini ya matela. Mumewe aliegesha, akazima injini, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nitangoja hapa."

Alishuka peke yake. Muuza mayai alikuwa bibi mfupi aliyejifunga mtandio kichwani, ndoo yake imefunikwa kwa kitambaa safi. Mama Makochi alimwamkia, akasema amekuja kwa ajili ya yule binti wa siku zile, yule msemaji.

Bibi aliweka ndoo chini.

"Alinichekesha mpaka nikasahau kumrudishia chenji," alisema. "Aliniiga mimi ninavyoita wateja. Akaiga na honi ya lori. Nikamwambia, wewe hiyo redio watakuchukua tu. Akapanda gari, akanipungia mkono mpaka wakapinda kona." Alimkagua Mama Makochi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Na wewe ni nani wake?"

Lori lilipanda kwenye mizani, ardhi ikatetemeka kidogo. Kwenye pikapu, mumewe alikuwa ameshusha kioo.

"Mdogo wangu," alisema Mama Makochi.

Bibi alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye chumvi, asimwachie.

"Nilikuwa hapa hapa," alisema. "Kila siku nikasema leo watakuja ndugu zake waniulize. Mbona mmechelewa hivi?"