Viti vya Kundi la Jumatano

Mwaka ule wa tisini na tatu Kwaresima na Ramadhani zilianza juma moja, na Barthélemy aliona hapo mkono wa Mungu. Kuuona mkono wa Mungu kilikuwa kipaji chake. Aliuona pia miezi miwili kabla, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani, wakaambiwa wafunge mizigo warudi kwao, na msimamizi wake kiwandani, Papa Théophile, akatoka na mke, watoto, mama yake mzee na magodoro mawili kwenda kungoja treni pale gare, stesheni ya reli. Siku ya tatu Barthélemy alipewa kazi ya Théophile. Siku ya tano alihamia nyumba ya Théophile. Siku ya saba, ambayo ilikuwa jumatano, alikaa sebuleni katika kiti cha Théophile, akafungua Biblia, akawa kiongozi wa kundi la kusoma Neno ambalo Théophile ndiye aliyelianzisha. Kwa hiyo kundi halikuhama. Aliyehama ni kiongozi tu.

Mke wake, Angèle, alihama naye, lakini nusunusu. Alikataa kulala chumba kikubwa. Alikataa pia kupika jikoni. Alikuwa akiwasha mbabula yake ya makaa uani, hata mvua ikinyesha, amejifunika kipande cha plastiki kichwani.

"Jiko liko ndani," Barthélemy alimwambia.

"Naliona," Angèle alijibu, akaendelea kupuliza moto.

Barthélemy alimwombea kuhusu jambo hilo.

Kundi lenyewe lilikuwa la watu ishirini, sasa wamebaki kumi na mmoja. Wale tisa walikuwa gare pamoja na Théophile, wanalala kwenye magunia, wanangoja treni ambayo ilikuja ilipotaka na kubeba iliowataka. Jumatano majina yao hayakutajwa. Octave, mwanzisha nyimbo, ndiye aliyeweka utaratibu huo. "Ile ni politique," alisema. "Apa tuko mu Neno."

Kisha Maman Philomène akarudi kutoka Lubumbashi na karatasi. Karatasi iliwataka waamini, kwa siku thelathini, wawaombee Waislamu kwa upendo na kweli, na kila siku ilikuwa na Waislamu wake. Kundi liliipokea kwa furaha kubwa. Kiwanda kilikuwa kinatoa moshi siku mbili kwa juma, na siku nyingine watu walikwenda kutazama mashine zilizolala. Ilikuwa vizuri kuwa na kazi nyingine yenye mpango. Kwa kuwa walikutana jumatano peke yake, walizipiga siku saba kwa mara moja. Jumatano ya kwanza waliwaombea watu wa Uturuki, wa Indonesia na wa nchi nyingine ambazo Barthélemy alizitamka kila safari kwa namna mpya. Kuwapenda Waindonesia kulikuwa kwepesi ajabu. Viviane alilia mpaka kitambaa chake kikalowa, na Octave akasema hajawahi kusikia upendo mkali namna ile tangu abatizwe.

Jumatano ya pili ndipo walipokwama. Siku ya tisa karatasi ilisema: muombee Muislamu unayemjua kwa jina.

Watu wakatazamana. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Kwiko ule papa wa kinga," Viviane akasema mwishowe, akimaanisha fundi wa baiskeli. "Ule anatengenezaka kinga karibu na soko. Papa Assumani."

"Ule mwenye kutoka Kasongo?" akauliza Octave.

"Njo yeye."

Wote wakapumua. Walikuwa wamempata Muislamu wao, na tena alikuwa karibu. Philomène akapendekeza wasiishie kumwombea tu, bali wamwalike, aje asikie. Upendo wangeonyesha kwa chai na beignets, yale maandazi ya kukaanga. Kweli ingetoka kwa Barthélemy. Wakapiga makofi, na Barthélemy akainamisha kichwa kama mtu anayetwishwa mzigo ambao amekwisha upima na kuuona unamfaa.

Kesho yake alimkuta Assumani barazani, amepindua baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu na kulisikiliza kwa sikio moja. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye kofia iliyofumwa na vidole vyeusi kwa grisi.

"Papa Assumani, yambo. Tuko kundi la maombi. Tunakuombeaka."

Assumani akasimamisha gurudumu. "Munaniombea? Aksanti sana. Dokta alisema niko na ugonjwa gani?"

"Hapana, papa. Hauko mugonjwa. Tunaomba Mungu akufungue moyo."

"Ah bon." Akafikiri. "Na munafanyiaka wapi maombi yenu?"

"Kwangu. Mu cité ya kiwanda, nyumba ya kona, ile ya mulango wa bleu."

"Kwa Papa Théophile?"

Barthélemy alikohoa. "Kwangu," akasema tena.

Assumani akajifuta grisi mikononi. "Nitakuya," akasema. "Saa ngapi?"

Juma zima Barthélemy alitembea kama mvuvi wa ziwa Tshangalele aliyesikia nyavu zinavuta. Alitayarisha mahubiri ya kurasa sita. Alichagua sura ya Yohana inayozungumza habari za kweli, akaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Alijizoeza mbele ya kioo namna ya kumtazama Muislamu: upendo katika jicho la kushoto, kweli katika la kulia. Angèle alimkuta katika hali hiyo, akamuuliza kama meno yanamuuma.

Jumatano saa kumi Assumani alifika, amevaa kanzu safi, anasukuma mkokoteni. Aliuegesha mlangoni, akavua viatu. Octave akaanzisha wimbo wa makaribisho wenye beti tisa. Philomène akamletea chai na beignets tano kwenye sahani ya maua.

"Aksanti, maman. Niko nafunga."

"Ah, ni kweli! Ramadhani!" akasema Octave. "Siye pia tuko mu kufunga, papa. Kwaresima." Akazichukua beignets zile zisipoe.

Barthélemy akasimama na kurasa zake sita, lakini Assumani akainua mkono kidogo, kwa adabu, kama mtoto wa shule.

"Mungu abariki hii nyumba," alisema. "Ba papa na ba maman, munisamehe. Minye si muntu wa maneno mingi. Ule mama wa Papa Théophile, Kaku Ntumba, iko gare toka miezi mbili. Miguu yake imevimba. Mvua inakuya, maji inapita chini, na yeye iko anakaa mu ile maji. Niliuliza Papa Théophile: hauna hata kiti? Akaniambia: niliacha viti kumi na mbili mu nyumba. Akasema kama ndugu zangu banasomaka Neno bado, ubaombe hata kimoja, cha mama. Njo nilikuya na mkokoteni."

Uani, karibu na mlango, Angèle aliacha kupuliza moto. Watu kumi walikuwa wamekaa kwenye viti vilevile, wa kumi na mmoja amesimama mbele ya chake, vya mninga, vilivyotengenezwa na seremala mmoja wa Kambove, na kila kimoja kilikuwa na herufi T iliyochongwa nyuma. Viviane aliuvuta mgongo wake mbele kama mtu aliyesikia kwamba amekalia sindano.

"Viti ni vya kundi," akasema Octave, kinywa kimejaa.

"Kundi liliachiwa," akasema Philomène. "Kwa kazi ya Bwana."

"Kimoja tu, maman," akasema Assumani.

"Leo kimoja, kesho?" akauliza Octave. Hakuna aliyejua kesho ni nini, lakini wengi waliitikia kwa kichwa.

Wote wakamgeukia Barthélemy. Kweli ilikuwa zamu yake. Alizitazama kurasa zake. Hapakuwa na kitu ndani kuhusu viti. Kisha akahisi mwanga, na huo ulikuwa mwanga aliouzoea sana, ule unaomtoa mtu pabaya bila kumfikisha popote.

"Ndugu," akasema, "jambo hili tusiamue kwa akili zetu. Tusimame. Tufumbe macho. Tuliombee."

Wakasimama, wakafumba. Barthélemy akaanza. Alikuwa mwombaji mrefu siku zote, lakini siku ile alivuka mipaka yake, kwa kuwa kila alipokaribia amina aliona kwa macho ya moyo yule mzee na mkokoteni wake wakimngoja upande wa pili. Kwa hiyo akageuka, akawaombea marais. Akawaombea wagonjwa wa hospitali zote, na wachimbaji walio chini ya ardhi, na ndege za abiria. Akaingia Uturuki tena, akatoka kupitia Indonesia. Akamwombea Assumani kwa jina mara kumi na nne, aione nuru, aache ukaidi. Nyuma yake alisikia miguu ikitembea polepole, akadhani ni Roho. Alisikia pia mbao zikigusana, na hilo hakulitafakari.

"Amina," alisema hatimaye, sauti imekauka.

"Amina," wakaitika, wakakaa macho bado yamefumbwa.

Octave ndiye aliyeanguka vibaya zaidi, kwa sababu ndiye aliyekaa kwa imani kubwa zaidi. Viviane alimwangukia miguuni. Philomène alishika pazia, pazia likaja naye. Walipofumbua macho vizuri waliiona sebule tupu, sakafu ya saruji, sahani ya maua, na mlango wa buluu uko wazi. Assumani hayupo. Mkokoteni haupo. Viti vyote kumi na viwili havipo. Angèle pia hayupo.

"Ametuibia!" akapiga kelele Octave kutoka chini. "Muislamu ametuibia!"

"Mama Angèle alimusaidia," akasema mzee mmoja pale ukutani, ambaye hakuwa amefumba macho. "Kila mara alibeba mbili mbili."

"Na weye hukusema?"

"Tulikuwa mu maombi," akasema mzee.

Barthélemy alitoka mbio. Baadaye aliwaambia watu alikwenda kwa moyo wa huruma. Ukweli ni kwamba alikwenda kumrudisha mke wake kabla cité nzima, mtaa wote wa wafanyakazi, haijamwona anasukuma mkokoteni. Cité nzima ilikuwa imemwona. Walimwonyesha njia kwa vidole, wengine wanacheka.

Gare alikuwa hajafika tangu Desemba. Hata kazini alizunguka njia nyingine, ndefu zaidi, akisema ina hewa nzuri. Sasa alisimama ukingoni mwa reli akashindwa kuendelea. Watu walikuwa kila mahali, chini ya maturubai, chini ya mabati, chini ya mabehewa mabovu. Moshi ulikuwa mzito na harufu ilikuwa ya watu wengi wasio na choo. Alimtambua mwalimu aliyemfundisha mwanawe hesabu. Aliwatambua waimbaji wawili wa sauti ya kwanza ya kwaya, wanaosha sufuria katika dimbwi. Wao pia walimtambua. Wakageukia kazi zao, na hilo lilimwudhi kuliko kutukanwa.

Kaku Ntumba alikuwa amekaa kitini, amenyoosha miguu kwenye kiti cha pili. Angèle alikuwa amepiga magoti mbele yake, anaifunga ile miguu kwa kitambaa. Viti vingine Assumani alikuwa anavigawa kwa wazee na wenye mimba, anabishana na mwanamke aliyetaka viwili. Na Théophile alikuwa amesimama hapo, amekonda mpaka shati lilionekana la kaka yake.

"Barthélemy," alisema, na akampa mkono. "Umefika. Kundi liko namna gani?"

"Liko. Liko muzuri."

"Muko mu kitabu gani?"

"Yohana. Sura ya nane."

"Bon. Musiende mbio. Ile sura ni nzito." Hakuuachia mkono. "Mulikuwa munatuombea?"

Barthélemy angeweza kusema ndiyo. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kaa tayari. Lakini Angèle aliinua kichwa pale chini akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze neno la kweli likamtoka kwa bahati mbaya.

"Tulikuwa tunaombea Baislamu."

Théophile alimgeukia Assumani, ambaye wakati huo alikuwa ameshinda ugomvi na anajifuta jasho kwa kofia. Kisha akaanza kucheka. Alicheka ameshika magoti, akakohoa, akacheka tena, mpaka mama yake akauliza kwa Tshiluba kuna nini, naye akashindwa kueleza.

"Angèle, twende nyumbani," akasema Barthélemy.

"Weye tangulia," akasema Angèle. "Bado kitambaa kimoja."

Angèle alirudi jioni, akachukua sufuria kubwa na unga uliokuwamo nyumbani, na kesho yake akaenda tena. Akaenda kila siku. Jumatano iliyofuata watu wanne tu walikuja kwenye Neno, wakakaa sakafuni, na kwa sababu ya saruji maombi yalikuwa mafupi. Octave hakuja, mgongo wake ulikuwa bado unauma, na alikuwa anaeleza mtaani namna alivyodhulumiwa kwa ajili ya jina la Yesu.

Treni ilikuja jumapili ya nne ya Kwaresima, asubuhi, watu wakiwa misani. Barthélemy alikuwa ndiye msomaji. Alikuwa katikati ya somo la kwanza filimbi ilipolia kutoka upande wa gare, mara moja, kisha mara mbili, ndefu. Kanisa zima likasikia. Wengine wakatazama mikono yao. Mwanamke mmoja upande wa kwaya, pale palipokuwa na nafasi nyingi, akaanza kulia kwa sauti. Barthélemy alitazama benchi la pili, mahali pa Angèle, na hapakuwa na mtu; alikuwa ametoka alfajiri na sufuria yake kwenda gare, kama kila siku. Aliingoja filimbi ikome. Ilipokoma alitafuta mstari alioachia, hakuupata, akarudia somo tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.