Kiti cha Mgeni

Daktari aliposema lazima nipasuliwe shingo, wenzangu wauza vitenge pale Msimbazi walitaka kunichangia. Niliwakatalia kwenye kundi la WhatsApp, tena kwa maringo: "Mimi Sitara nina bima. Hela zenu kaeni nazo."

Bima ililipa kweli. Ililipa upasuaji, dawa, na chumba cha peke yangu chenye kiyoyozi. Vyuma vya kushikiza mifupa tu ndivyo walivyovikataa, nikauza marobota mawili ya vitenge kwa hasara. Kundini sikusema, ningeanzia wapi?

Leo ni siku ya sita tangu nilazwe. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Mimi nilikataa chao, sasa waje na nini?

Shingo imefungwa kola, siwezi kugeuka kutazama mlango. Nikisikia viatu nasema, "Karibu."

"Ni mimi, mama," anajibu Benedikta, muuguzi.

Asubuhi hii ameniomba kiti cha mgeni. Chumba cha jirani wageni wamejaa, wengine wamesimama.

"Chukua tu," nikamwambia. "Bima imeshakilipia."