Mtu wa Kwanza Kulipwa

Swali la kumi na tisa ndilo lililoniua. Yale kumi na nane ya mwanzo niliyajibu nimekaa vizuri kitini, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Jina, umri, unapoishi, una gari, una shamba, una vito vya thamani. Kwenye vito nilicheka. Mfilisi, yule afisa wa serikali anayesimamia waliofilisika, hakucheka, alipiga chafya. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha na shati zuri ambalo mtu alilipiga pasi kwa haraka akaacha mkunjo chini ya kola. Mimi ni dobi. Siwezi kukutazama usoni kabla sijamaliza kukutazama kola.

"Swali la kumi na tisa, mama," alisema. "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna ndugu yeyote uliyemlipa deni?"

Nikamwambia ngoja nifikirie kidogo.

"Hili si la kufikiria, mama. Ni ndiyo au hapana."

"Basi naomba maji ya kunywa," nikasema. Akainuka kuniletea.

Nilikuwa na duka la udobi lenye mashine nne, na hoteli moja kubwa iliyoniletea mashuka kila siku ya Mungu. Kwa ajili ya hoteli ile nilikopa benki nikaongeza mashine. Halafu hoteli ikafunga milango, haijanilipa miezi mitano. Nikakopa kwenye simu nilipe benki, nikakopa kwenye kikundi cha akina mama nilipe simu, nikachukua sabuni kwa mali kauli nilipe kikundi. Mume wangu alikuwa ameshahamia kwa mwanamke asiye na madeni, na sikumlaumu sana. Ningekuwa na uwezo wa kujihama, na mimi ningejihama.

Maji yaliponifika shingoni nikaambiwa kuna njia moja ya kutokea. Unakwenda mahakamani, unakiri mbele za watu kwamba umeshindwa, wanachukua ulicho nacho wanawagawia wanaokudai, kisha yanayobaki yanafutwa. Unatoka mtupu, lakini unatoka. Nikapiga moyo konde nikaamua kwenda.

Ila kabla ya kwenda nilifanya jambo moja. Nilimlipa shangazi.

Shangazi, dada yake baba yangu, ni mkunga mstaafu. Alinichukua nikiwa na miaka sita, akanilea, akanisomesha, akanifokea kila siku bila likizo. Siku nilipotaka kufungua duka alinipa kiinua mgongo chake chote kikiwa ndani ya soksi. Hakutaka karatasi wala shahidi. Alisema tu, "Usije ukanifanya mjinga." Kwa hiyo nilipojua nazama, niliuza mashine ya kukaushia, nikatia pesa kwenye bahasha, nikampelekea hadi chumbani kwake ghorofa ya nne. Jengo lile halina lifti, na magoti ya shangazi yalishakwisha kwa miaka ya kusimama wodini. Alizihesabu mara mbili, akasema, "Sasa naweza kuhama." Wiki ile ile akalipia kodi ya mwaka mzima kwenye chumba cha chini nyuma ya duka la dawa, chenye kiua kidogo na bomba lake.

Niliteremka siku ile nikijiona mtu. Nilijiambia, nikifilisika nitafilisika kwa benki na kwa watu wa simu wasionijua hata sura. Aliyenilea nimemlipa, tena wa kwanza. Lilikuwa jambo pekee safi nililolifanya mwaka ule.

Mfilisi alirudi na glasi ya maji. Nikanywa yote, nikauliza kana kwamba naulizia mtu mwingine, "Na kama yupo ndugu aliyelipwa?"

Akanieleza taratibu, kama daktari. Wanaokudai wote wanasimama kwenye foleni moja. Ukimtoa ndugu nyuma ukamweka mbele, umempa vya wenzake. Kwa hiyo ofisi itamwandikia barua arudishe zote, zichanganywe na nyingine, zigawanywe sawasawa. Naye atarudi kwenye foleni.

"Atapata kiasi gani?"

Akapiga hesabu kwenye kikokotoo. "Kwa hali ilivyo, sehemu moja katika kumi na mbili."

"Ni mzee," nikasema. "Ni mtu mzima wa magoti mabovu. Hawa wa benki wana lifti."

"Naelewa, mama."

"Na mtu akisema hapana, hakumlipa yeyote?"

Alipangusa pua, akakunja leso yake vizuri. "Kwenye karatasi za benki mashine zako ni nne. Dukani tumekuta tatu. Watauliza ya nne ilikwenda wapi, na wewe utakuwa umekula kiapo. Hapo hufutiwi deni hata moja, na unaweza kufungwa." Kisha akafunga faili. "Tufanye hivi. Leo sijakuuliza hilo swali. Njoo Ijumaa. Kama kuna mtu wa kuzungumza naye, zungumza naye kwanza."

Nasema alikuwa mpole ili mjue kwamba nafasi nilipewa.

Siku ya pili yake nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta sakafuni katikati ya maboksi, anafunga masufuria kwa magazeti. "Mbona umekonda kama sindano?" akanipokea. "Na hizo nywele ni za nani? Kaa hapa, shika kamba, usiishike kama unashika mjusi." Nikashika kamba. Nikafungua mdomo. Akaanza kunieleza habari za kiua chake.

"Nitaweka kiti mlangoni," akasema, "niwatazame watu wakipita. Miaka mitatu huku juu sijaona mtu. Naona vichwa tu, na vipara, ambavyo sikujua kama ni vingi hivyo."

Nikacheka. Nikafungua mdomo tena, akaniambia nipandishe mkeka juu ya kabati. Nilikaa saa tatu mle ndani na nilifunga maboksi sita. Kila boksi nilijiambia nikimaliza hili nasema. Kumwambia mtu kwamba nakunyang'anya kwa mkono wa serikali, na huku ananiuliza kama nimekula, kulinishinda. Nikaaga nikaondoka.

Ijumaa nikaandika ndiyo. Nikaandika jina lake, kiasi na tarehe, nikaweka sahihi. Tafadhali asinisifu mtu. Sikusema kweli kwa sababu mimi ni mkweli, nilisema kwa sababu niliogopa kufungwa.

"Umezungumza naye?" mfilisi aliuliza akigonga muhuri.

"Ndiyo," nikasema. Huo ndio uongo pekee niliousema katika ofisi ile, na haukuwa na namba kwenye fomu.

Nilijipa Jumapili ya kwenda kumwambia, nikaumwa kichwa. Nikajipa Jumatano. Barua ilifika Jumanne. Alinipigia simu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo unisomee kitu, huenda ni macho yangu." Nilipofika ilikuwa mezani, imefunguliwa, na miwani yake iko juu yake. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Nikaanza kulia kabla sijakaa. Nikamweleza foleni, sehemu moja katika kumi na mbili, kiapo, mashine ya nne. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Nimeelewa," akasema. "Sheria ni sheria, na kufungwa usifungwe. Hiyo sina neno nayo. Ila ulikuja hapa. Ulikaa saa tatu, ukanifungia vyombo vyangu ukijua havitakwenda popote. Ungeniambia, ningekutukana wiki nzima, halafu ningewapelekea mwenyewe kwa mikono yangu. Wewe umeniletea tarishi."

"Nilishindwa, shangazi. Nilikuonea huruma."

"Uliniona mjinga," akasema.

Alimfuata mwenye chumba akarudishiwa pesa yake, imekatwa ya mwezi mmoja kwa usumbufu. Akajazia pengo, akazipeleka kwenye ofisi ya mfilisi, na stakabadhi akaitaka. Maboksi sita aliyafungua mwenyewe. Nilipokwenda kumsaidia nilikuta kila kitu kimerudi mahali pake.

Ilichukua mwaka na miezi miwili. Mashine ziliuzwa, makochi yakauzwa, nikaachiwa pasi, beseni na kitanda. Siku ya mwisho hakimu alisoma karatasi kwa dakika nne, akavua miwani, akaniambia niko huru kuanza upya. Wote waliokuwa wananidai, ambao madeni yao yamefutwa, walitajwa kwa majina. Shangazi alikuwa namba saba, baina ya muuza sabuni na kampuni ya umeme.

Ni kweli, maisha bila deni yana utamu wake. Simu yangu ikilia ni mtu anataka kufuliwa. Nafua majumbani mwa watu kwa mkono, nalipwa papo hapo, nanunua sabuni ya kipande ninachokiweza, na kisichowezekana kinangoja. Nimejifunza kupita dukani mikono nyuma. Marafiki wa zamani walinikimbia wakidhani nitawakopa, na mimi niliwakimbia wasije wakanikopesha. Ilikuwa raha ya aina yake, raha ya mtu aliyepona homa na bado hana hamu ya chakula.

Kila Jumamosi nilikuwa naweka kando pesa kidogo. Ilipofika kiasi cha maana, nikaipeleka ghorofa ya nne.

"Karibu," shangazi alisema mlangoni. Akanivutia kiti. Akaniletea chai juu ya sinia, kikombe na kisahani chake, sukari kwenye bakuli lenye mfuniko. Miaka arobaini, popote shangazi alipoishi, chai yangu nilijimiminia mwenyewe kwenye kikombe chochote kisichovuja. Nikaitazama ile sinia nikahisi baridi.

"Habari za kazi?" akauliza.

"Nzuri, shangazi."

"Umependeza."

Mwanamke huyu hajawahi kunisalimu bila kunikosoa. Nilikuwa nimevaa gauni lililochanika kwapani, na alikuwa analiona.

Nikaweka bahasha mezani. Akainuka kwa kushika meza, akaenda kabatini, akarudi na nakala ya ile karatasi ya mahakama ndani ya mfuko wa plastiki. "Soma hapa," akasema. "Inasema sikudai. Muhuri huu."

"Unanidai, shangazi. Mimi na wewe tunajua."

"Mimi ni nani nibishane na mahakama?" Akaisogeza bahasha hadi kwenye mkono wangu kwa ncha ya kidole. "Chai itapoa."

Nilirudi mara nne, na mara nne ikawa sinia na muhuri. Niliwahi kuiacha bahasha chini ya mto wa kiti. Kesho yake mwanamke wa ghorofa ya pili aliniletea hadi kazini, imefungwa kwa gundi. Ningevumilia anitukane. Ningevumilia anifukuze. Adabu yake ndiyo ilinimaliza, maana adabu ya namna ile hufanyiwa mtu uliyekutana naye jana.

Mara ya tano nilikuta mlango uko wazi. Shangazi alikuwa kitandani, goti limevimba, na bafuni kulikuwa na ndoo mbili za nguo zilizolowekwa tangu lini sijui, maji yameanza kunuka. Kamba za kuanikia ziko juu ya paa, na kwa goti lile paa lilikuwa mbali kama mji mwingine. Safari hii sikungoja sinia. Nilivua viatu, nikapandisha gauni, nikamwaga yale maji, nikaanza upya. Nikafua mashuka yake, foronya, taulo, na magauni ya kulalia ambayo nayafahamu tangu yakiwa mapya. Nilisuuza mara tatu. Nikapandisha ndoo juu, nikaanika, nikanyoosha pindo kwa vidole kama alivyonifundisha. Kwa saa nzima ile nilikuwa mtoto wa nyumba.

Niliposhuka na ndoo tupu, alikuwa amesimama, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na noti.

"Mashuka mawili," akasema, "foronya nne, taulo mbili, magauni matatu. Siku hizi unatoza kiasi gani?"

"Shangazi, tafadhali."

"Nimeuliza bei."

"Nifue nguo zako nichukue pesa? Wewe?"

"Sitaki kudaiwa," akasema. "Hata wewe hukutaka. Ulikwenda hadi mahakamani."

Nilitaka kuibwaga ile ndoo chini. Nilitaka kupiga magoti nimshike miguu ile iliyovimba hadi anitukane. Lakini alikuwa anatetemeka kwa kusimama, na nilijua hatakaa kabla sijajibu. Nikamtajia bei. Nilimtajia ile ile ninayowatoza watu wote, maana bei za mtaa anazijua, na ningepunguza angeuona uongo wa pili, baada ya ule wa maboksi.

Noti yake ilikuwa kubwa. Nikafuta mikono kwenye gauni, nikatafuta mkobani, nikampa chenji. Akaihesabu. Akaihesabu tena, akaitia mfukoni, akajishusha kitini huku akishika ukuta. Sikuthubutu kumsaidia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, na yeye hakuniambia niyafute.

"Mapazia yale yamechafuka," akasema akitazama dirishani. "Jumamosi ijayo, kama una nafasi."

"Ninayo."

"Basi uje," akasema. "Na uje na chenji, mimi huku juu sina pa kuvunjia noti."

Nikasema nitakuja nayo.